Kama Hujui, Sema Hapana

Nilifikaje Kokwani si habari ya kuandika. Njia ilikuwa mbaya, viatu vikaisha, nikafika. Mimi nyumbani sikai, wanaonijua wanalijua hilo. Shule yenyewe niliiacha kidato cha pili kwa sababu dirisha lilikuwa karibu nami kuliko ubao. Kwa hiyo nitasema nilichokiona kama nilivyokiona, na nisichokielewa nitasema sikuelewa.

Kokwani ni nchi ndogo, ukisimama kilimani unaiona yote. Katikati kuna jengo moja la udongo, la mviringo, halina dirisha. Hilo ndilo Kokwa. Maji ya mji yanatoka humo. Taa za njiani zinawashwa kutoka humo, kinu kinasaga kwa nguvu ya humo, na mageti yanafunguka kwa kamba zinazoingia humo. Mkokwani akitaka kitu hachoti mwenyewe wala hawashi mwenyewe. Anavuta kamba ya nyumbani kwake, anasubiri, Kokwa linampa.

Nikamuuliza jamaa mmoja sokoni, "Na lisipokupa?"

Akanitazama kama nimemtukania mama yake. "Linatoa, mgeni. Labda siku likisimama."

"Likisimama inakuwaje?"

"Inakuwa limesimama."

Kila baada ya mavuno wanalivunja na kulijenga upya, maana udongo unachoka; nilipofika mavuno yalikuwa yamekwisha na ujenzi unakaribia. Wakimaliza kujenga wanalichoma kwa moto kama chungu. Likishachomwa, watu wanaingia na kutoka kwa mlango mmoja, lakini ukutani huongezi kitu tena, hata msumari. Udongo ulioiva haukubali. Ulichotaka kiwemo, ulitakiwa ukiseme ukuta ukiwa mbichi.

Kwa sheria yao, mgeni analala kwenye nyumba yenye kitanda kitupu. Nikapelekwa kwa Siwatu, mfinyanzi. Huyu ndiye anayepaka Kokwa udongo wa mwisho kila mwaka kabla halijachomwa, kazi aliyoachiwa na mama yake, na hakuna mwingine anayeiweza. Kitanda kitupu kilikuwa cha mdogo wake, Makame.

"Kasafiri?" nikauliza.

"Yuko Ukutani."

"Anafanya nini huko?"

"Ndiko wanakofungwa wakosaji. Anangoja kufukuzwa. Kula, chakula kinapoa."

Nikala. Halafu akanieleza. Kazi ya Makame ilikuwa kupaka mafuta bawaba za mlango wa Kokwa. Siku moja, kabla ya mavuno, alipaka, akafuta mikono, akaenda zake. Hata nyumbani hajafika, Kokwa likasimama. Maji hakuna, kinu kimya, mageti yamefungwa na mbuzi wako nje. Wakaliosha. Kuosha maana yake wanafungulia maji ya bwawa, yanapita ndani yote na kutokea upande wa pili, na Kokwa linaanza upya kama limezaliwa leo. Dawa nzuri, ila maji yanachukua kila kitu. Yanafuta nyayo sakafuni, yanafuta mpaka kumbukumbu za waliokuwemo ndani. Watu wanatoka wamelowa, wanauliza kama kumekucha. Basi hakuna anayejua lilisimama kwa nini.

Na Wakokwani hawawezi kukaa na kosa lisilo na jina la mtu. Sheria inasema hivi: sababu isipojulikana, mkosaji ni aliyeligusa mwisho.

"Si wangoje waone," nikasema. "Kokwa jipya likisimama na yeye yuko Ukutani, watajua hakuwa yeye."

Siwatu akacheka, ila si kwa furaha. "Likisimama watasema kaliroga akiwa kule kule. Lisiposimama watasema mnaona, tumemtoa limetulia. Huku anafukuzwa, kule anafukuzwa. Na wanakofukuzia ni jangwa la chumvi, mgeni. Hajarudi mtu kutuambia kukoje."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nataka Kokwa liseme lenyewe."

Akanipeleka uani, akafunua gunia. Chini yake kulikuwa na chungu kidogo chenye tundu moja juu kama jicho, na mdomo chini yake. Akasema zamani vyungu hivi vilikuwa vinapachikwa ukutani mwa Kokwa, kila kimoja na kazi yake, vinaitwa Macho. Jicho linatazama yanayofanyika ndani, likiona kosa linatamka. Usiniulize linatamkaje. Sheria ya nchi inakubali neno la Jicho kuliko neno la mtu yeyote. Hili alilofunua lilikuwa Jicho la Funguo, la kutazama funguo za ndani zinashikwaje, amelifinyanga mwenyewe kwa kufuata mkono wa mama yake.

"Sasa kwa nini hawaweki?"

"Sijui. Kila mwaka nakwenda barazani, nangoja waulize kama tunataka Macho. Hawaulizi. Na mtu haruhusiwi kujibu swali ambalo halijaulizwa."

Baraza la Ujenzi lilikaa asubuhi yake, uwanjani, pembeni ya udongo mbichi. Mwenyekiti ni Mkuu wa Ujenzi, Bwana Shaweji, mtu mnene, mpole, anayependa mambo yaishe. Msomaji anasimama katikati. Maswali yote yako kichwani mwake, kayapokea kwa babu yake, na anayasema bila kupumua. Majibu yanayokubalika ni matatu. Ndiyo: kitu kijengwe ndani. Hapana: kisijengwe. Kando: kiwekwe kwenye banda nje, siku kikihitajika kitaletwa. Mabanda ya Kando yamejaa mpaka yanaziba njia ya msikiti, na sikumpata mtu wa kuniambia kuna nini ndani.

Kila swali linamalizika kwa ushauri, na ushauri ni mmoja.

"Je, Kokwa lijue kusaga ulezi?" akasema Msomaji. "Jibu Ndiyo kama unakula ulezi. Kama hujui, sema Hapana."

"Hapana!" baraza likaitika.

Mzee mmoja nyuma akanyoosha mkono. "Jamani, mimi nakula ulezi."

"Una hakika?" akauliza Bwana Shaweji.

"Nakula... mara moja moja."

"Mara moja moja ni kutojua. Hapana. Tuendelee."

Nikamuuliza jirani yangu ushauri ule aliuweka nani. Akasema wahenga. Nikasema, wao walikuwa wanajua? Akasema walikuwa wanajua sana, ndiyo maana walitufikiria sisi tusiojua. Wazo lilikuwa limefungwa pande zote.

Maswali yakaenda. Jua likapanda, kahawa ikapita, watu wakawa wanaitika Hapana huku wanapiga soga. Kisha Msomaji akasema, kwa sauti ile ile, "Je, Kokwa liwe na uwezo wa kutafuta makosa yake lenyewe? Kama hujui, sema—"

"Ndiyo," nikasema.

Sikupanga. Swali lilikuwa rahisi tu. Vichwa vyote vikanigeukia.

"Nani kasema?" akauliza Bwana Shaweji.

"Mimi, mgeni wa Siwatu."

"Wewe unajua?"

"Kitu kikiharibika ni heri ujue kimeharibikaje. Hilo nani halijui?"

Wakanong'onezana. Kumbe wana sheria: anayejua anamtangulia asiyejua. Ilikuwa haijatumika kwa muda mrefu, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewahi kusimama akasema anajua. Bwana Shaweji akamtazama Msomaji. Msomaji jasho linamtoka, midomo inacheza, anatafuta kichwani.

"Basi... kuna maswali chini yake," akasema.

"Chini yake wapi?"

"Swali likijibiwa Hapana, yaliyo chini yake hayasomwi. Hili halijawahi kujibiwa Ndiyo tangu nishike kazi, Bwana Mkuu. Nilikuwa nalipita tu."

Siwatu, kando yangu, akaweka kikombe chini polepole. Miaka yote alikuwa anangoja swali lililokuwa nyuma ya swali lingine.

Sasa yakaanza kutoka. Je, liwepo Jicho la Mipaka, la kumkamata anayeingiza mkono gunia lisilo lake? Je, liwepo Jicho la Shubiri, ambalo kila chungu kikirudishwa kitupu linakipaka shubiri, ili anayenywea chungu kisicho chake tena ajulikane kwa uso? Je, liwepo Jicho la Usingizi, la kumtangaza mfanyakazi aliyekaa bila kusogea? Je, liwepo Jicho la Funguo? Je, wafanyakazi wa ndani wabaki na majina yao, au majina yafutwe ili jengo liwe jepesi? Kila swali na onyo lake: hili litapunguza mwendo, lile litapunguza mwendo. Hakuna aliyesikiliza. Watu waliosema Hapana maisha yao yote walikuwa wameonja Ndiyo, ikawapanda kichwani. Ndiyo! Ndiyo! Mwisho hawakungoja hata swali liishe. Bwana Shaweji mwenyewe aliniinamia akasema, "Unajua, kijana, tukiwa na Macho yote, nani atatulaumu?"

Wakajenga, Siwatu akapaka, wakachoma.

Niseme kweli, lilikuwa balaa. Mama wa jirani alivuta kamba apate maji ya uji wa asubuhi, ule uji ukanywewa jioni. Kila kikombe ndani ya Kokwa kilikaguliwa mpaka wake, kikapakwa shubiri, mwenye kukibeba akatajwa kwa jina lake na la baba yake, ndipo kikasogea hatua moja kikaguliwe tena. Kinu kilizunguka kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Na Macho hayakunyamaza. "Ndoo iko upande!" "Hamza bin Faki amekanyaga mstari!" "Chungu hiki kina ufa, si mkubwa, lakini upo!" Siwatu alikimbilia pale na kutega sikio tangu moto ulipozimwa. Mama yake alimwambia Jicho la Funguo halingoji nchi isimame, na linatamka mara moja tu, kisha linafumba moja kwa moja. Lilitamka hakika. Lakini katika kelele zile hata radi usingeisikia.

Watu wakajaa uwanjani na ndoo tupu. "Toeni Macho! Toeni!"

Bwana Shaweji akapanda jiwe. "Ndugu zangu, tumelitazama Kokwa kwa macho yote tuliyonayo. Limesimama?"

"Halijasimama!"

"Basi kosa halikuwemo. Kosa lilikuwa Makame."

"Halijasimama kwa sababu halitembei!" nikamwambia.

"Mgeni," akasema kwa upole, "wewe neno lako tulishalisikia, na tumelinywa kama uji wa jioni."

Wakacheka. Wakalivunja. Baraza likakaa tena, safari hii kila kitu Hapana, na swali lile la makosa wakalingoja wote wamefumba midomo ya wageni. Maana yake mimi: jamaa wawili walikaa kushoto na kulia kwangu, viganja tayari.

Siwatu akasimama kabla halijafika. "Mimi sipaki."

"Hupaki nini, bibie?"

"Udongo wa mwisho. Pakeni wenyewe."

Bila udongo wa mwisho jengo linapasuka motoni. Hilo wote walilijua, kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema hajui. Bwana Shaweji akajifuta uso. "Unataka nini?"

"Jicho moja jipya. La Funguo. Halipunguzi mwendo kiasi cha kuonekana."

Wakavutana mpaka kahawa ikaisha. Aliyewamaliza ni Bi Mashavu, mjumbe mkongwe kuliko wote, ambaye mara nyingi husinzia. Akasema, "Mpeni mtoto chungu chake tukale." Wakampa, kwa masharti mawili. La kwanza, majina ya watu wa ndani yafutwe kama kawaida. La pili, Jicho liwekewe sauti ya chini, isifike uwanjani, isije ikawashtua watu wanaokula. Sauti ikawekwa ya chini kabisa, itoke kwa bomba la udongo karibu na mlango, na ni lazima uinamie bomba ndipo usikie.

Siwatu akakubali. Mimi ningekataa, lakini mimi sina mdogo Ukutani.

Siku Kokwa lilipoanza, Siwatu alimchukua Bi Mashavu kwa mkono, akamkalisha kwenye kigoda mlangoni, sikio bombani. "Nitasikia nini?" akauliza bibi.

"Sijui, bibi. Ukikisikia utakijua. Hakirudiwi."

"Haya. Ila nikisinzia uniamshe."

Hakusinzia. Ndani ya Kokwa kuna wakubwa wawili, Mshika Maji na Mshika Taa, kila mmoja wa ukoo mkubwa na kofia yake. Mshika Maji akitaka kufungulia maji anachukua ufunguo wa maji, halafu wa taa, kwa kuwa mle ni giza na haoni koki. Mshika Taa akitaka kuwasha anachukua ufunguo wa taa, halafu wa maji, kwa kuwa sheria inataka maji yawe tayari moto usije ukaruka. Na sheria nyingine inasema aliyeshika ufunguo hauweki chini mpaka kazi yake iishe. Asubuhi ile wa maji alifanya kazi yake, akarudisha. Baadaye wa taa akafanya yake, akarudisha. Hakukuwa na tatizo lolote. Mara Bi Mashavu akashika mkono wa Siwatu.

"Limesema," akatangaza. "Linasema: mmoja anashika wa maji kisha wa taa. Mwingine anashika wa taa kisha wa maji. Wakikutana, kila kitu kitasimama."

Baraza likaitwa pale pale mlangoni.

"Mmoja nani?" akauliza Bwana Shaweji. "Mwingine nani?"

"Halikutaja majina," akasema Bi Mashavu. "Majina mmefuta."

"Basi halijamtaja mtu."

"Funguo ni mbili na washikaji wawili, Bwana Mkuu," akasema Siwatu. "Wamesimama hapo nyuma yako."

Washika funguo wakatazama juu.

"Na je, nchi imesimama?"

"Bado."

"Sasa Jicho linalia msiba ambao mtu hajafa! Kwetu hilo linaitwa uchuro."

"Wakati wa Makame walikutana," akasema Siwatu. Sauti yake haikupanda. "Dawa yake si kubwa. Wote waanze na ufunguo wa maji. Basi. Hawatagongana tena."

"Mimi nianze na ufunguo wake?" Mshika Taa akaruka. "Baba yangu alianza na wa taa. Babu yangu alianza na wa taa. Leo mimi niombe kwa huyu kwanza?"

"Basi waanze wote na wa taa," nikasema.

"Nife kwanza," akasema Mshika Maji.

Bwana Shaweji akainua mikono. Alitaka kuimaliza habari, na nadhani aliamini kabisa anachokifanya. "Lijaribiwe. Waingie wote wawili sasa hivi, mlango wazi, watu waone. Likisimama, tutajua. Lisiposimama, Makame aende chumvini leo, na hiki chungu kisitajwe tena."

Wakaingia. Mlango ulikuwa mzito, nikauegemea nione vizuri. Mshika Maji akachukua wake. Mshika Taa akachukua wake. Wakageuka.

"Lete," akasema wa kwanza.

"Lete wewe."

"Nikimaliza kazi yangu nitakupa."

"Na mimi nikimaliza yangu."

"Sasa nitamaliza vipi wakati unao wewe?"

"Hata mimi ndicho ninachokuuliza."

Wakanyoosheana mikono, wakabaki hivyo. Kamba zikalegea moja moja. Maji yakakatika kwenye mabomba ya mji kwa kile kikohozi chake. Kinu kikatulia. Mbali, mageti yakajifunga, na mbuzi wakaanza kulia upande wa nje.

Watu wakasongamana mlangoni. Walikuwa wanakiona. Sina hakika kama nchi ile iliwahi kukiona kabla ya siku hiyo, kwa kuwa kila mara ilikuwa inaoshwa kwanza. Wanaume wawili wenye kofia, kila mmoja kashika anachokitaka mwenzake.

"Makame yuko Ukutani," akasema Siwatu. "Leo hajagusa kitu. Watazameni hao."

Bi Mashavu akainuka kwenye kigoda, akasogea mpaka kizingitini. Akamtazama huyu, akamtazama yule, akanyoosha kidole. "Hebu ngojeni. Huyu anangoja alichonacho yule. Na yule anangoja alichonacho huyu. Kwa hiyo siku ile..."

"Bi Mkubwa, sheria kwanza," akasema Bwana Shaweji. "Limesimama. Nani kaligusa mwisho?"

"Siku ile, nasema..."

"Nani kaligusa mwisho?"

Watu nao wakaanza. Maji hamna, watoto wanalia, kuna mtu mikate yake iko kwenye tanuri. Wengine wakasema wa mwisho ni hao wawili, wengine wakasema hao ni watoto wa watu, haiwezekani. Mmoja akapiga kelele, "Si yule yule wa Ukutani!" na wengine wakaipokea, maana ilikuwa fupi. Bi Mashavu alikuwa bado anasema kitu, kidole kimenyooka, anakitafuta polepole kama wazee wanavyotafuta.

Mimi kungoja siwezi. Nilishaambiwa sheria ya wageni siku niliyofika: Mkokwani akikosa anapelekwa chumvini kwa sababu hana alikotoka, mgeni akikosa anarudishwa alikotoka. Nikaona njia iko wazi kabisa.

"Mimi!" nikasema. "Nimeegemea mlango, mmeniona. Mimi ndiye wa mwisho. Na siku ile ya kwanza semeni ni mimi pia, sijali. Mwachieni Makame, mimi nirudisheni kwetu."

Sijawahi kuona watu wakifurahi vile. Bwana Shaweji alinishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamelowa. Kisha akageuka bwawani. "Osheni!"

"Ngojeni," akasema Bi Mashavu, lakini hakuna aliyegeuka.

Maji yakaja. Waliokuwa kizingitini wakavutwa nje, isipokuwa bibi aliyekawia akalowa mpaka magotini. Yalipopita, Mshika Maji na Mshika Taa wakatoka wanatiririka, wakauliza, "Kumekucha?" Uwanja mzima ukacheka. Kamba zikakaza, kinu kikaanza, mbuzi wakaingia. Bi Mashavu akatazama pale kidole chake kilipokuwa kimeelekea. Palikuwa na sakafu safi. Akakishusha.

Nilikwenda kwa Siwatu nikitegemea kushukuriwa, sitasema uongo.

"Nani kakutuma?" akaniuliza.

"Nimemtoa mdogo wako."

"Umemtoa. Wamepewa jina, wamefurahi. Bi Mashavu alikuwa amebakiza neno moja. Moja, mgeni. Na Jicho limeshafumba."

Mpaka leo nalifikiria neno hilo.

Makame akaletwa saa ile ile. Mwembamba, ndevu zimemjaa, haamini jua. Dada yake alimkumbatia kwa muda mrefu. Hawajaachiana, Bwana Shaweji akatuma mtu: bawaba za mlango zimelowa, zitashika kutu, na tangu Makame aondoke hakuna mwingine aliyejifunza kazi. Akapewa kopo lake la mafuta. Akaenda. Ungefanya nini?

Mimi nilikuwa tayari katikati ya askari wawili, tunapanda njia ya kutokea. Nikamwona akipaka bawaba ya chini, kisha ya juu, taratibu, kazi safi. Washika funguo walishaingia ndani, kila mmoja upande wake. Alipomaliza akafuta mikono, lakini hakuondoka. Akawa anawaita wapita njia.

"Ndugu, hebu uguse huu mlango. Gusa tu kidogo. Mama, samahani, hebu weka mkono hapa."

Watu walimpita kwa mbali. Wengine walivuka upande wa pili.

Siwatu akaja kutoka kwenye banda lake la udongo. Akajipangusa mikono kwenye nguo, akamsogeza mdogo wake kwa bega, akaweka kiganja mlangoni. Akakiacha hapo hapo, anatutazama tunavyopanda.

"Tembea, mkosaji," askari akaniambia.

Nikatembea.